Wataalamu wa mifumo mnaowatafuta Dar, wengi wako hapo hapo Tanga

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni meneja wa kampuni ya uwakala wa forodha na usafirishaji hapa Tanga, tuna wafanyakazi arobaini. Tangu meli kubwa zianze kufunga gatini kazi imeongezeka, na karibu yote imehamia kwenye mifumo. Tumeajiri vijana wa kompyuta kutoka Dar es Salaam, hakuna aliyemaliza mwaka. Wenzangu wa viwandani Pongwe na wa hospitali binafsi wana kilio hicho hicho. Umoja wetu wa wafanyabiashara unataka kupeleka pendekezo Halmashauri ya Jiji, kijengwe kituo cha kufundisha kompyuta vijana mia mbili kwa mwaka. Wakati huo huo nina makarani wa miaka arobaini na kitu ambao kazi yao ya zamani imekwisha, na bodi inanitaka nipunguze watu. Je, kituo ndiyo dawa? Hawa makarani nifanye nao nini? Na tukianza mafunzo, tununue kompyuta ngapi?"

Jibu:

Marahaba mwanangu. Nitaanza na makarani, kwa sababu naamini dawa ya shida yako imekaa kwao. Nakuomba usimwandikie hata mmoja barua ya kupunguzwa kazi kabla hujajaribu ninayokueleza.

Kwanza tuelewane ni utaalamu gani hasa Tanga inaukosa. Watu wakisikia "uhaba wa wataalamu wa teknolojia" huwaza vijana wa kuandika programu. Kampuni yako haihitaji kuandika programu. Programu zipo: TANCIS ya forodha ni ya TRA, malipo ya serikali yana mfumo wake na namba yake ya malipo, na mfumo wenu wa hesabu mmeununua. Mnachokosa ni mtu wa katikati, anayeijua kazi yenyewe na kuujua mfumo, akaona kosa kabla halijawa hasara. Kiwandani Pongwe mtu huyo ni fundi umeme anayeweza kukaa mbele ya skrini ya chumba cha udhibiti na kuelewa kwa nini mtambo umesimama. Hospitalini ni mtunza kumbukumbu anayejua takwimu za wagonjwa zinatoka wapi na nani haruhusiwi kuziona. Mtu wa aina hii hazalishwi na chuo peke yake. Nusu ya elimu yake anaipata kazini, kwa miaka, na nusu hiyo ndiyo ghali zaidi.

Sasa itazame bandari yenu kwa jicho hilo. Kwa miaka mingi meli iliyokuja Tanga ilitia nanga karibu kilomita 1.7 kutoka gatini, kwa kuwa maji ya gatini yalikuwa na kina cha mita 3 hivi. Mzigo ulishushwa kwenye matishari, tishari likavutwa hadi gatini, mzigo ukashushwa mara ya pili. Maboresho yaliyogharimu shilingi bilioni 429.1 yameongeza kina hadi mita 13 na kuimarisha gati mbili zenye urefu wa mita 450, na leo meli inafunga yenyewe. Kazi ya kuhesabu na kuandika mara mbili mbili imeondoka pamoja na matishari. Lakini aliyekuwa akihesabu anajua mambo ambayo kijana wenu wa Dar hakuwahi kuyajua: orodha ya mizigo ya meli hutofautiana vipi na hati ya shehena, mteja gani hubadilisha maelezo ya bidhaa dakika ya mwisho, kontena lipi likikwama siku mbili gharama zake zinapanda. Ujuzi huo umebaki kichwani mwake. Kilichokwisha ni daftari.

Hebu nikuonyeshe zoezi moja ambalo ningewapa makarani wako siku za mwanzo kabisa, ili uone ninamaanisha nini.

Kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba, na makarani wako wameziandika maelfu ya mara. Wachache sana wameambiwa kwamba tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, inayopatikana kwa hesabu kutoka alama kumi zilizotangulia. Kanuni ni kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 6346. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, C ni 13, unaendelea hivyo ukiruka 11, 22 na 33. Alama ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unaongeza maradufu hadi ya kumi inayozidishwa kwa 512. Unajumlisha, unagawanya kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Baki ikiwa 10, inaandikwa 0. Chukua CSQU3054383, namba inayotumika sana kufundishia. Jumla yake ni 6185. Ukigawanya kwa 11 unapata 562 na baki 3, na kweli namba inaishia na 3. Sasa karani amechoka, jioni, akageuza tarakimu mbili akaandika CSQU3045383. Jumla inakuwa 6249, baki 1. Moja si tatu. Kosa limekamatwa hapo hapo mezani, kabla nyaraka hazijaenda forodhani.

Mwache karani aifanye hesabu hiyo kwa kalamu kwanza, kisha aiandike kama fomula kwenye Excel, ili kila namba anayoiingiza ijikague na seli igeuke nyekundu ikikosewa. Mtu wa miaka arobaini na mitano aliyewahi kukaripiwa kwa namba moja iliyogeuzwa atakaa na fomula hiyo mpaka iende sawa, kwa sababu anajua inamwokoa na nini. Ukimpa zoezi hilo hilo kijana aliyemaliza chuo ataliandika kwa nusu saa, lakini asingeweza kulibuni mwenyewe, kwani hajui kosa hilo lipo.

Kutoka hapo unapanda ngazi kwa ngazi. Orodha mbili, ya makontena yaliyoshuka na ya yaliyotoka. Onyesha yaliyobaki na siku yalizokaa. Halafu orodha zinapokuwa kubwa mno kwa Excel, mfundishe kuziuliza maswali kwenye kanzidata kwa lugha iitwayo SQL, ambayo kwa kazi ya namna hii ina amri chache na inajifunzwa kwa kuitumia. Baadaye haki za watumiaji, nani aone nini, nywila, nakala rudufu na jinsi ya kuzirudisha data zikipotea. Sitakudanganya kwamba wote watafika juu. Wengine wataishia kwenye Excel, na hao pia utakuwa umewaokoa na kupunguzwa, maana kazi ya kuoanisha orodha ipo kila siku.

Kuhusu umri, usiwe na wasiwasi ambao wenyewe hawakuusema. Singapore, nchi isiyo na mafuta wala madini inayoishi kwa bandari na akili za watu wake, mwaka 2024 iliwapa raia wa miaka 40 na zaidi nyongeza ya dola 4,000 za kwao kila mmoja kwa ajili ya masomo ya kujiendeleza. Waliwalenga watu wa umri wa makarani wako hasa, kwa sababu hao ndio wenye kazi zinazobadilika na wenye miaka mingi kabla ya kustaafu. Tofauti ninayoiona darasani ni moja: mtu mzima haogopi somo, anaogopa kuaibika mbele ya watoto. Usimchanganye na vijana wa miaka ishirini wiki za kwanza.

Wenzako wa viwandani waambie habari ya mafundi umeme wao. Mwaka 1968 kitengo kimoja cha General Motors kule Marekani kilichoka kufumua nyaya za relei, zile swichi zinazowashwa na umeme, kila mara mtindo wa gari ulipobadilika, kikataka kompyuta ndogo ya kuchukua nafasi ya relei hizo. Kifaa kilichotokana na hitaji hilo ndicho mafundi leo wanakiita PLC, na kimejaa kwenye viwanda vya saruji, pampu za maji na mitambo ya umeme. Waliokibuni walifanya jambo la busara sana: lugha ya kukipangia kazi waliichora kama ile michoro ya relei na kontakta ambayo fundi wa kiwandani alikuwa tayari anaisoma. Teknolojia ilimfuata fundi pale alipokuwa. Kwa hiyo fundi wa Pongwe anayeweza kuunganisha mota kubwa iwake kwa njia ya nyota na delta, kwa kontakta tatu na taima, ameshavuka mlango. Mpe PLC moja ya mezani, swichi chache, taa na mota ndogo, aondoe relei zake moja moja na kuziweka kwenye mchoro wa kompyuta. Baada ya hapo vipimo vya joto na mgandamizo, kisha skrini ya udhibiti.

Hili lina uzito kwa Tanga kuliko miji mingi, kwa sababu ya Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaloishia hapo lina urefu wa kilomita 1,443, na mafuta yenyewe yana nta, yanaganda yakipoa, hivyo bomba lazima lipashwe kwa umeme njia nzima ili yabaki juu ya nyuzi joto 50. Kila kituo cha pampu, kila vali, kila kipande cha bomba kinaangaliwa na vipimo na kompyuta. Ujenzi huajiri maelfu ya watu na kisha unakwisha. Uendeshaji unahitaji watu wachache zaidi, nao ni wa umeme, vipimo na udhibiti, kwa miaka mingi. Kama Tanga haitakuwa na mafundi hao, watatoka kwingine, na itanisikitisha sana kuona mtoto wa Mabokweni akilinda geti la mtambo ambao angeweza kuuendesha.

Fedha. Kampuni yenye wafanyakazi kumi na zaidi inalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, iliyoshuka hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023. Ninyi mko arobaini, kwa hiyo mnailipa kila mwezi, na sehemu ya tozo hiyo ndiyo inayoiendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Waajiri wengi niliozungumza nao wanaiona kama kodi nyingine tu, wakishalipa hawarudi kuuliza. Nendeni VETA Tanga kama kundi, kampuni yako na viwanda na hospitali, mkiwa na orodha ya kazi mnazotaka watu wenu waweze kuzifanya, muombe kozi fupi iliyotengenezwa kwa ajili yenu. Vyuo hivi huandaa kozi za namna hiyo. Kinachowakwamisha mara nyingi ni mwajiri kuja na sentensi moja tu, "tunataka kompyuta." Ulizieni pia urasimishaji ujuzi. Fundi aliyejifunza mtaani au kazini, asiye na cheti, anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti cha kiwango alichonacho. Nimeona watu wazima wakipokea cheti hicho kwa mikono inayotetemeka. Zaidi ya heshima, kinawafungulia njia ya kuendelea na ngazi za juu za ufundi, na karani au fundi anayejua kwamba safari yake ina cheti mwishoni haikatishi njiani.

Sasa kituo chenu cha vijana mia mbili. Nia ni njema na sitaki kuivunja, ila msianze nacho. Jengo litakula fedha na muda, walimu mtawatafuta huko huko Dar, na watakaohitimu watakuja kugonga milango yenu wakiwa na cheti cha Word na Excel mlichokwisha kukikataa kwa wengine. Idadi ya wahitimu inapendeza kwenye pendekezo, lakini ngapi kati ya kampuni zenu ziko tayari kusema leo, kwa maandishi, zitachukua wangapi na kwa kazi gani? Anzeni na idadi hiyo, hata ikiwa kumi na wawili. Kila kijana awe na kampuni yake kuanzia siku ya kwanza: siku tatu darasani, siku mbili kwenu, na anayemsimamia kwenu awe karani au fundi yule uliyemwendeleza wewe mwenyewe. Hapo ndipo makarani wako wanapogeuka walimu, na ndiyo sababu nilisema waanze wao.

Halmashauri ina mambo mazuri zaidi ya kuombwa kuliko jengo. Kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa vijana, nne kwa wanawake na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana watano wanaofunga mitandao, kutengeneza kompyuta na kuzitunza kinaweza kukopeshwa, mradi ninyi mkiahidi kazi. Hospitali ndogo na hoteli za Raskazone hazihitaji kuajiri fundi mtandao wa kudumu, zinahitaji wa kuitwa na kuja siku hiyo hiyo. Jiji lina STEM Park, ambako wanafunzi wanaigusa sayansi kwa mikono, na kuna Shule ya Ufundi ya Tanga. Pelekeni huko PLC mbili zilizotolewa kiwandani na fundi wa kuzieleza. Haitagharimu kama ukuta mmoja wa kituo.

Nirudi kwako, kwa sababu mafunzo mengi ya kazini hufa kwa mambo madogo. Nani umchague kwanza? Usiangalie cheti cha kidato cha nne. Angalia anayeitwa na wenzake printa ikigoma au mfumo ukikataa, hata kama cheo chake ni cha chini, mara nyingi ni mwanamke wa dawati la nyuma ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Muda uwe wa kazi, na mshahara uendelee. Kozi za jioni na Jumamosi zinawatupa nje akina mama, halafu tunasema hawapendi teknolojia. Ninyi mnaijua ratiba ya meli. Siku ambayo gati iko tupu, fundisheni. Somo litolewe kwa Kiswahili chenu cha kila siku, na maneno ya Kiingereza yanayotokea kwenye skrini yaandikwe ukutani na maana zake, yazoeleke polepole. Watu wengi wamedhaniwa hawaiwezi kompyuta kumbe walikuwa hawakielewi Kiingereza cha mwalimu.

Msifanyie mazoezi taarifa halisi za wateja, na wenzako wa hospitali wasithubutu kabisa kutumia za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, na kufuta majina na namba za simu kwenye faili la mazoezi ni kazi ya asubuhi moja. Hilo lenyewe ni somo zuri.

Utaniuliza, nikimfundisha akaondoka? Vijana wenu wa Dar walikuwa waja leo waondoka leo, na siwalaumu. Wana ndugu kule, wana kodi za nyumba kule, na soko la kazi linawaita kila wiki. Karani wako ana nyumba Mikanjuni, watoto shule, mzee wa kumwangalia. Mizizi hiyo inakusaidia, lakini usiitumie vibaya. Kuna waajiri wanaoshikilia vyeti vya mfanyakazi baada ya kumsomesha. Usifanye hivyo kamwe. Mpangie mapema kwa maandishi: ukimaliza hatua hii, mshahara unapanda hivi na cheo kinaitwa hivi. Ukimwongezea kazi ya mifumo na kumwacha na mshahara wa karani, ataondoka hata kama alizaliwa Ngamiani, na atakuwa na haki.

Bodi yako itataka ushahidi. Usiipelekee idadi ya waliohudhuria. Pima sasa, kabla ya kuanza, ni nyaraka ngapi kwa mwezi zinarudishwa kwa makosa, mnalipa kiasi gani cha kuchelewesha makontena, na mara ngapi mnamwita mtu wa nje kutatua tatizo la mfumo. Pima tena baada ya miezi sita. Namba hizo zikiwa hazijasogea, badilisha mwalimu au badilisha mazoezi kabla ya kubadilisha wanafunzi.

Na kompyuta. Kwa kundi la kwanza la watu wanane, nne zinatosha wiki za mwanzo, wawili wawili, maana anayesoma skrini na anayebonyeza husaidiana. Zilizotumika zinafaa kabisa, mradi ziwe na RAM ya GB 8 na diski ya SSD; mashine inayochukua dakika tano kuwaka itamkatisha tamaa mtu anayejifunza. Ongezea UPS kwa ajili ya umeme unaokatika, na bando la intaneti lisilohesabiwa kwa kila mtu. Kuanzia mwezi wa pili kila mmoja awe na laptopu yake na aruhusiwe kwenda nayo nyumbani, hata kama watoto wataichezea, mkiwa mmekwisha kuweka nywila na kuhakikisha hakuna faili la mteja ndani yake.